Kuhamisha seva za ofisi kutoka VMware kwenda Proxmox: tulivyofanya wikiendi ya Nane Nane

Nyuma ya seva yetu ya pili, kwenye kachumba kalikopo juu ya ghala la Vingunguti, palikuwa pamechomekwa kitu kama flashi: cheusi, kifupi, hakina maandishi, vumbi limekishika. Siku moja tunasafisha, kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo alikichomoa akaniuliza, "Dada, hii ni ya nani?" Kabla sijamjibu, simu ililia kutoka Kariakoo. Programu ya stoo imegoma kwa watu wote, inasema haina leseni. Nikamwambia rudisha hapo hapo, tundu lile lile, usipumue.

Kijiflashi kile kilikuwepo kabla sijaajiriwa na hakikuandikwa popote. Nakisimulia mapema kwa sababu karibu kila kilichotusumbua wakati wa kuhama kilikuwa ndugu yake: kitu kidogo ambacho mashine inakitegemea, na aliyekifunga ameshaacha kazi. Kuvuta diski kutoka haipavaiza moja (programu inayogawa seva moja iwe mashine nyingi) kwenda nyingine siku hizi ni kazi ya vitufe vichache. Vitufe nitakuonyesha, lakini nusu ya maelezo haya ni ya kabla hujavigusa.

Sisi tunauza vipuri vya magari: duka Kariakoo, ghala Vingunguti, tawi Mwanza. Tulikuwa na seva tatu zenye ESXi 7 (haipavaiza ya VMware), mashine pepe 17 (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva), na IT ya watu wawili pamoja na huyo kijana.

Hesabu iliyotusukuma

Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware tarehe 22 Novemba 2023. Desemba hiyo hiyo ikatangaza kwamba leseni za kudumu haziuzwi tena. Unalipia kwa kipindi, na kipimo ni viini vya prosesa, huku kila prosesa ikihesabiwa viini 16 hata kama inavyo pungufu. Seva zetu zina prosesa mbili mbili za viini vinane. Kwa macho ni viini 48, kwa leseni ni 96. Halafu msaada wa kawaida wa vSphere 7, kifurushi chenye hiyo ESXi 7, ulikuwa unakoma tarehe 2 Oktoba 2025, kwa hiyo kukaa kimya nako kulikuwa na tarehe yake ya mwisho.

Sina ugomvi na mtu, mwenye duka ndiye anayepanga bei. Nilimpelekea Mzee karatasi moja yenye hesabu hiyo. Akaisoma mara mbili, akauliza, "Hiki tunachokilipia, chenyewe kinauza kipuri hata kimoja?" Nikajua ruhusa nimepata.

Tulikokwenda, Proxmox VE, ni haipavaiza inayotengenezwa Vienna, Austria. Chini yake ni Debian, na injini inayoendesha mashine pepe ni KVM, ambayo imo ndani ya Linux tangu 2007. Programu yenyewe ni huria chini ya leseni ya AGPL. Unacholipia ukitaka ni usajili wa msaada na hazina ya masasisho yaliyopimwa zaidi, na hesabu yake ni kwa soketi ya prosesa, si kwa kiini. Ushauri wangu: lipia. Ukitoka kwenye bili kubwa kisha ukakataa hata hii ndogo, siku mambo yakiharibika utabaki wewe na simu yako.

Usinifuate kichwa kichwa, lakini. Kama mashine zako zote ni Windows na tayari mmelipia Windows Server Datacenter, angalia kwanza Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, kwa sababu mnaimiliki tayari. Kama mna SAN ya iSCSI (kabati la diski la kwenye mtandao) ambayo seva zote zinaichangia, simama hapo usome sana: Proxmox haina kitu kinachofanana sawasawa na VMFS (mfumo wa mafaili wa VMware unaoziruhusu seva nyingi kutumia diski moja), na mpangilio wa kawaida wa LVM (kigawa diski cha Linux) juu ya iSCSI katika toleo la 8 haukupi snapushoti, yaani picha ya mashine ya kurudia mambo yakiharibika. Sisi tulikuwa na diski za ndani ya seva tu, umaskini ambao kwa mara ya kwanza ulitufaa.

Daftari

Nilinunua daftari la mistari. Ndiyo, la karatasi, maana jedwali la kwenye kompyuta lingekuwa ndani ya seva ileile ninayoizima. Kila mashine pepe ikapewa ukurasa wake, na kila ukurasa ukajazwa haya: RAM na ukubwa wa kila diski, inawaka kwa BIOS ya zamani au UEFI (programu ndogo za kuwashia mashine), anwani ya IP, na kama imeandikwa kwa mkono ndani ya mashine, anwani ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), VLAN yake (kipande cha mtandao ilichomo), ina snapushoti ngapi, leseni za programu zilizomo zimefungwa kwenye nini, na mwisho, nani atapiga simu ikizimika.

Swali hili la mwisho ndilo lililozaa zaidi. Kwa mashine nne hatukumpata wa kupiga simu. Mbili zilikuwa majaribio ya mtu aliyeondoka, moja ilikuwa tovuti ya zamani, na ya nne sijui hadi leo. Nilizizima bila kuzifuta, nikasubiri mwezi mmoja mzima ufungwe kihesabu. Hakuna aliyelalamika. Kati ya 17 tukabaki na 13, na kabla sijahamisha hata baiti moja, kazi ilikuwa imepungua karibu robo.

Kwa upande wa leseni usiulize mtu, kagua mwenyewe. Kijiflashi ulishakisikia. Mashine ya mahudhurio, ile inayosoma alama za vidole getini, ilikuwa CentOS 7 ambayo programu yake inaangalia MAC. Mashine pepe za VMware huwa na MAC zinazoanza na 00:50:56 au 00:0c:29, na Proxmox ikijitungia huanza na BC:24:11, hivyo programu ya namna hiyo hujua papo hapo kwamba imehamishwa nyumba. Dawa ni kubakiza MAC ya zamani. Sharti lake ni kwamba mashine ya zamani na mpya zisiwake pamoja hata dakika moja.

Snapushoti zifute zote kabla ya siku yenyewe, maana zinafanya uvutaji uwe wa kujikokota. Diski iliyosimbwa kwa njia ya VMware isimbue kwanza, na iliyo kwenye vSAN (hifadhi ya pamoja ya VMware) itoe kule, kwa sababu kivutaji cha Proxmox hakizisomi.

Bakapu mara mbili, ya zamani na mpya

Hapa watu wengi hukosea mpangilio. Wanahama kwanza, bakapu wanasema tutaipanga wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo wiki hatari kuliko zote.

Nilichukua seva kuukuu iliyokuwa imeegeshwa, nikaijaza diski kubwa, nikaiwekea Proxmox Backup Server, wiki tatu kabla. Inahifadhi vipande visivyojirudia, kwa hiyo bakapu ya kwanza ni nzito na zinazofuata ni nyepesi. Lakini kumbuka haiwezi kuchukua mashine nzima iliyo bado kwenye ESXi. Huko utategemea programu yako ya zamani ya bakapu. Kwa hiyo jaribu kurejesha pande zote mbili. Mimi nilirejesha databezi ya mauzo kutoka bakapu ya zamani nikamwita mhasibu aisome. Akakuta siku mbili hazimo. Kazi ya bakapu ilikuwa inaandika "imefaulu" kila usiku huku ikiruka diski ya pili. Fikiria ningegundua hilo baada ya kufuta seva.

Ukiwasha usimbaji wa bakapu, ufunguo usikae ndani ya mashine unayoikingia bakapu. Kuna amri ya kuuchapa kwenye karatasi:

`proxmox-backup-client key paperkey`

Karatasi yetu iko kwenye sefu, pamoja na kadi za magari.

Chuma

Ukitumia ZFS (mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe), kama sisi, kadi ya RAID, ile inayounganisha diski zionekane moja, lazima ijitoe katikati. ZFS inataka kuona diski zenyewe, kwa hiyo kadi iwekwe katika hali ya HBA, yaani ipitishe diski tu. Kubadilisha hali hiyo kwa kawaida kunafuta kila kitu kilichomo, basi hakikisha seva ni tupu kweli kweli. Diski za SSD za laptopu usiziweke. Tafuta za seva, zenye kinga ya umeme kukatika, au utalia na kasi na zitakufa mapema. ZFS pia inakula RAM kwa ajili ya kashe. Usakinishaji mpya tangu toleo la 8.1 unaiwekea kikomo cha asilimia 10 ya RAM, isizidi GiB 16, ambacho kwetu kilitosha.

Na hesabu ya RAM ndiyo inayoamua kama utaweza kuhama bila kununua seva. Kila seva yetu ina GB 256. Mashine zote 13 kwa pamoja zilitumia chini ya GB 400, kwa hiyo zingeweza kubanana kwenye seva mbili wakati ya tatu inasakinishwa upya. Kama zako hazibanani hivyo, azima seva. Usibahatishe.

Mpango ukawa huu. Toa kila kitu seva ya kwanza, weka Proxmox. Mashine nyeti zote zikae seva ya tatu, ili nakala zake za asili zibaki pale bila kuguswa hata baada ya kuvutwa. Vuta zote kwenda ya kwanza, ila ziwake zile tu zinazoenea kwenye RAM yake mpaka ya pili iwe tayari. Kisha seva ya pili ifutwe, iingie Proxmox. Ya tatu iachwe kama ilivyo, imezimwa, ndiyo njia ya kurudi.

Kusakinisha

Usakinishaji wenyewe ni dakika kumi na tano. Jina la seva na IP yake vifikirie kabla, kwa sababu kuvibadilisha ukishaunda klasta (seva zinazofanya kazi kama kundi moja) ni maumivu. Amri ya kwanza ya `apt update` itakurudishia kosa la 401 kama huna usajili. Badilisha hazina iwe ya `pve-no-subscription`, au weka ufunguo wako wa usajili. Toleo la 9.0 lilikuwa limetoka tarehe 5 Agosti 2025, siku tatu kabla ya wikiendi yetu. Kijana alitaka tuliweke. Nikamwambia nguo mpya haijaribiwi siku ya harusi. Tukakaa na 8.4. Wewe unayeanza leo anza na 9, kwani masasisho ya 8 yana mwisho wake Agosti 2026.

Mtandao: Proxmox inakuwekea daraja linaloitwa `vmbr0`, ambalo ni sawa na swichi ndani ya seva. Lifungue, weka tiki kwenye "VLAN aware", kisha kila mashine pepe utaipa namba ya VLAN kwenye kadi yake ya mtandao. Pale VMware ulipokuwa na majina kama "Ofisi" na "Kamera", hapa kuna namba tu. Daftari likushike mkono.

Klasta: seva inayojiunga isiwe na mashine pepe yoyote ndani yake, la sivyo itakataliwa. Seva mbili peke yake hazifai, maana moja ikizimika iliyobaki inakosa kura nyingi na inagoma kubadilisha chochote. Tuliweka kompyuta ndogo ya mezani yenye Debian itoe kura ya tatu:

`apt install corosync-qnetd` kwenye kompyuta hiyo

`apt install corosync-qdevice` kwenye kila seva ya klasta

`pvecm qdevice setup` ikifuatiwa na IP ya kompyuta hiyo, kwenye seva moja tu

Tawi la Mwanza usiliingize kwenye klasta hiyo hata wakikubembeleza. Seva za klasta zinahitaji kusikiana ndani ya milisekunde chache. Ziwe chumba kimoja. Mwanza inapokea nakala za bakapu, inatosha.

Vitufe

Tangu toleo la 8.2 la Aprili 2024, Proxmox ina kivutaji chake cha ESXi. Nenda "Datacenter", "Storage", "Add", chagua "ESXi". Andika IP ya seva ya ESXi yenyewe, mtumiaji root na nywila, na kama cheti ni cha kujitengenezea weka tiki ya kuruka ukaguzi wake. Kupitia vCenter, programu ya VMware ya kusimamia seva zote, pia inawezekana ila mwendo ni wa kobe. Seva yako ya zamani itatokea upande wa kushoto kama hifadhi ya kawaida. Ukiibofya, unaona mashine zote. Zima unayoitaka, ichague, bofya "Import", chagua diski zitakaa wapi na kadi ya mtandao itaingia daraja lipi, basi.

Nilivuta moja moja. ESXi haipendi maombi mengi kwa pamoja na itaanza kukukatalia. Muda ukadirie hivi: kebo ya gigabiti moja inapitisha karibu MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo TB moja ni saa mbili na nusu hivi. Kuna chaguo la kuwasha mashine huku bado inavutwa, "Live Import". Linavutia, lakini uvutaji ukikatika, kila kilichoandikwa tangu mashine iwake kinapotea. Kwenye databezi ya mauzo usithubutu.

Windows ndiyo yenye mikogo. Haijui diski za VirtIO (aina ya vifaa pepe vya KVM) mpaka iwekewe draiva, na ukiiwasha nazo kabla ya draiva utapata skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ikiwa bado VMware, ondoa VMware Tools, maana kuziondoa baada ya kuhama huwa ni vita. Chukua picha ya `ipconfig /all`. Ukishaivuta, diski yake iweke SATA kwanza, na kidhibiti kiwe "VirtIO SCSI single". Ongeza diski ndogo ya GB 1 ya aina ya SCSI, chomeka ISO ya virtio-win, washa. Sakinisha draiva zote. Ukiiona ile diski ndogo kwenye Disk Management, Windows imejifunza. Zima, tenganisha diski kubwa, irudishe kama SCSI ukiweka tiki za "Discard" na "IO thread", futa ile ndogo, na usisahau kurekebisha mpangilio wa kuwaka kwenye "Options". Nilisahau mara mbili nikadhani nimeua mashine.

Baada ya hapo itakusumbua kwa mambo mawili. Diski ya data inaweza kuonekana "Offline". Bofya uifanye "Online". Na ukiandika IP ya zamani itakwambia inatumiwa na kadi nyingine, kadi ambayo huioni. Ni mzimu wa kadi ya VMware. Kwenye Device Manager onyesha vifaa vilivyofichwa, ufute mzimu huo. Windows pia inaweza kudai kuthibitishwa leseni upya, funguo ziwe karibu.

Kama mashine ya zamani iliwaka kwa UEFI, chagua OVMF. Kama ni BIOS ya kawaida, SeaBIOS. Ukichanganya haitawaka, na hiyo ndiyo sababu daftari lina mstari huo. Aina ya prosesa niliiacha `x86-64-v2-AES`. Watu husifia `host`, na kwa Linux ni kweli inasaidia, ila baadhi ya Windows mpya huzidi kuwa nzito nayo.

Linux ni mpole. Ubuntu zetu ziliwaka mara ya kwanza, isipokuwa jina la kadi ya mtandao lilibadilika kutoka `ens192` kuwa `ens18`, hivyo mashine iko hai lakini bubu. Ingia kupitia "Console" urekebishe netplan, mipangilio ya mtandao ya Ubuntu. Ile CentOS 7 niliiandaa kabla haijazimwa:

`dracut -f --add-drivers "virtio_scsi virtio_pci virtio_blk virtio_net"`

Bila hiyo ingetafuta diski yake kama kipofu. Kwenye kila mashine, Linux au Windows, weka pia QEMU Guest Agent, ili bakapu zichukuliwe data ikiwa imetulia.

Tatu hazikuvutwa kabisa. Mbili ni za Active Directory, orodha ya Windows ya watumiaji wa ofisi nzima. Hizo sikuzihamisha, nilijenga mpya mbili kwenye Proxmox, nikaziacha zisawazishane na za zamani siku kadhaa, nikahamisha majukumu yote matano (`netdom query fsmo` inakuonyesha nani anayo), kisha nikazishusha cheo za zamani kwa utaratibu. Ni kazi ya ziada, lakini nakala ya zamani ya seva ya namna hii ikiwaka kwa bahati mbaya inaweza kuchafua orodha nzima ya watumiaji. Saa za hizo mpya ziunganishe na NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) mwenyewe, kwa sababu huenda ya zamani ilikuwa inasomewa saa na VMware Tools bila wewe kujua. Ya tatu ni vCenter yenyewe, ambayo kazi yake iliisha.

Seva ya mafaili, TB 1.8, nayo niliijengea mpya ili nisizime watu saa tano. Nilianza kunakili wiki nzima kabla kwa `robocopy /MIR /COPYALL`, usiku wa mwisho ikabaki mabadiliko tu. Ila `/MIR` inafuta upande wa pili kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukigeuza chanzo na mwisho, umefuta kampuni. Isomeshe kwa mtu mwingine kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Ijumaa mpaka Jumapili

Tulichagua Nane Nane kwa sababu 8 Agosti 2025 iliangukia Ijumaa, hesabu za Julai zilishafungwa, na ritani ya VAT ya tarehe 20 ilikuwa bado mbali. Mzee alikubali duka lifungwe na Jumamosi, kwa uso wa mtu anayetolewa jino.

Ijumaa mashine ndogo sita ziliingia bila neno. Jumamosi saa tano usiku, SQL Server (mashine ya databezi) ikiwa imevutwa zaidi ya nusu, umeme ulikatika. UPS ilishika seva, lakini swichi ya katikati, nilikuja kugundua, ilikuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja. Uvutaji ukafa. Nilikaa kwenye ngazi nikisubiri jenereta, na kilichonizuia kulia ni kwamba kivutaji kinasoma tu. Nakala ya seva ya tatu haikuguswa. Nikafuta kipande kilichovutwa, nikaanza upya saa sita na nusu. Swichi ikahamia UPS. Kaandike daftarini: swichi inakula umeme wapi.

Jumapili zamu ya kijiflashi. Kwenye Proxmox unafungua "Hardware" ya mashine, "Add", "USB Device". Kuna njia mbili: kwa tundu, au kwa namba za mtengenezaji na kifaa, zile unazoziona kwa `lsusb`. Nilichagua namba, ili kijana mwingine akija kukihamisha tundu tusirudi kule kule. Bei yake ni kwamba mashine hiyo imefungwa kwenye seva yenye kijiflashi. Huwezi kuihamisha ikiwa inawaka kama zile nyingine. Mashine nyingine zinakiliwa kwenda seva ya pili kila dakika kumi na tano kwa replikesheni ya ZFS, mradi hifadhi zina jina lile lile pande zote mbili. Seva moja ikifa, utapoteza hadi dakika kumi na tano za kazi, na hilo nilimwambia Mzee kwa maandishi.

Risiti za EFD hatukuweza kuzijaribu Jumapili, kwa sababu risiti ya kodi haitolewi kwa mchezo. Jumatatu saa mbili asubuhi tulisimama watatu nyuma ya kaunta tukimsubiri mteja wa kwanza wa kweli. Alikuja fundi kununua breki pedi za Noah. Risiti ilipotoka, mhasibu aliishika akaipeleka kwenye mwanga kama noti ya elfu kumi.

Seva ya tatu ilikaa imezimwa, na ESXi yake ndani, mpaka hesabu za Agosti zikafungwa na mhasibu akalinganisha ripoti na karatasi za mkononi. Tarehe 6 Septemba niliifuta. Kabla haijaingia klasta niliondoa ile kura ya kompyuta ndogo kwa `pvecm qdevice remove`, maana seva tatu zinajitosheleza kwa kura. Kijiflashi sasa kiko seva ya kwanza, kimefungwa kwa kamba ya plastiki na kibandiko chenye mwandiko wa kijana: "Leseni ya stoo. Usichomoe. Daftari, ukurasa wa 3."